Maafa yakitokea hela yako uipitishe wapi? Sadaka ya kanisani, mashirika, kamati ya serikali au unamtumia mtu moja kwa moja

Wapendwa, kila mvua ikipiga vibaya sehemu au ardhi ikitikisika, haipiti muda magrupu ya kwaya, ya jumuiya na ya vijana wa usharika yanajaa namba za simu. Hii ya mchungaji, hii ya dada mmoja anakusanya nguo, hii lipa namba ya shirika, na nyingine imefowadiwa weee mpaka haijulikani ilianzia kwa nani. Na watu wetu wana moyo, tuseme ukweli, Mkristo wa kawaida hapa kwetu akisikia kuna watoto wamelala nje hawezi kukaa hivihivi. Swali linalobaki ni moja, nipitishe wapi hiki kidogo changu kimfikie kweli yule mama aliyebaki na nguo aliyovaa? Nimeona niziweke hizi njia pamoja tuzilinganishe, mtu achague akijua anachochagua. Mfano wangu mkubwa ni Hanang kule Manyara, ila ntagusa Rufiji, Kagera na Kalehe kule Kongo mana kila sehemu ina funzo lake na majibu hayafanani.

Kwa aliyesahau, Hanang ilikuwa Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, na kwa kalenda ya kanisa ile ndo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile tope zito lenye mawe na magogo likashuka kutoka mlimani likafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walikufa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akakatisha safari akarudi. Kwaiyo makanisa mengi nchini watu walisikia habari ile wakiwa wanatoka ibadani au wanaingia, na michango ya kwanza ilianza siku ileile.

Kabla ya hela kuna neno moja tulimalize kwanza, lile la "Mungu amewaadhibu". Halikosekani, kila maafa lazima atokee mtu wa kulisema, tena wengine wanalisemea madhabahuni. Someni Luka 13. Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo, alafu neno la kutubu analielekeza kwa waliokuwa wamesimama pale wazima wanamsikiliza. Nalisema hili kwenye habari ya kutoa kwa sababu linagusa kutoa, mtu akishaamini wale wamelaaniwa anatoa kwa mkono mzito, au anapeleka mahubiri mahali palipohitaji unga, na Yakobo ameshaandika kwamba kumwambia mtu aliye uchi na njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba bila kumpa kitu hakumsaidii chochote.

Haya, tuje kwenye njia zenyewe.

Sadaka maalum ya kanisani ukiiweka na shirika la kanisa

Hapa ndo watu wengi wanachanganya, wanadhani ukitoa kanisani na ukitoa Caritas ni kitu kimoja. Mwisho wa safari zinaweza kukutana ila barabara ni tofauti.

Sadaka maalum ya kanisani uzuri wake wa kwanza ni kwamba inambeba kila mtu. Bibi mwenye mia tano anatoa, mtoto wa sandei skuli anatoa, hakuna makato ya kutuma, hakuna haja ya simu. Alafu inakusanya watu wakiwa wameomba pamoja, na hilo kwa Mkristo sio dogo. Wakatoliki parokia inapeleka jimboni, na jimbo linapeleka kwa jimbo lililopatwa, mfano Hanang iko ndani ya Jimbo la Mbulu. Kwa KKKT, yaani Walutheri, inatoka mtaa kwenda usharika mpaka dayosisi. Makanisa ya kipentekoste mara nyingi njia ni fupi zaidi, mchungaji anampigia mchungaji mwenzake aliyeko huko wanaelewana.

Ubaya wake ni mwendo. Mmekusanya Jumapili, imehesabiwa, imepelekwa benki, barua imeandikwa, kikao kimekaa, mpaka ifike wiki kadhaa zimeshapita na yule mama keshalala nje siku zote hizo. Ile njia fupi ya mchungaji kwa mchungaji inawahi kweli, ila wasiwasi wangu ni kwamba inategemea uaminifu wa watu wawili na mara nyingi hakuna karatasi katikati. Ile ndefu inachosha lakini kila hatua ina sahihi ya mtu.

Nguvu kubwa ya kanisa haiko kwenye kukusanya, iko upande wa kupokea, na hili wengi hawalioni. Kanisa la pale kijijini lilikuwepo kabla ya tope na litabaki baada ya magari ya mashirika kuondoka. Mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo anajua nyumba kwa nyumba. Anajua yule mzee aliyekuwa analea wajukuu, anajua nani alikuwa amepanga chumba kimoja kwa mtu. Wapangaji ndo watu wanaopotea kirahisi kwenye orodha za maafa, mana orodha huanza na mwenye nyumba, na mpangaji aliyepoteza kitanda, cherehani na mtaji wote wa genge anaonekana hana alichopoteza kwa sababu ukuta haukuwa wake. Jumuiya inamjua kwa jina.

Sasa shirika la kanisa, yaani Caritas ambayo ni mkono wa Baraza la Maaskofu Katoliki, ADRA ya Waadventista, TCRS ambayo ilianza 1964 kuhudumia wakimbizi, World Vision na wengine. Hawa wana kitu ambacho parokia haina, wana watu waliosomea hii kazi. Baada ya mafuriko kinachoua kwa kimyakimya ni maji machafu. Visima vimeingiliwa na vyoo, watu wamejazana shuleni choo kimoja, kipindupindu kinanyemelea. Kwaya nzuri haitaweza kutibu kisima. Shirika linajua dawa kiasi gani kwenye maji kiasi gani, linajua kuchimba choo cha dharura umbali gani na chanzo cha maji, lina utaratibu wa kuandikisha kaya ili mtu mmoja asipokee mara tatu wakati jirani hajapata hata mara moja.

Malalamiko dhidi ya mashirika nayajua, magari makubwa, mishahara, semina hotelini. Mengine ni ya kweli. Ila nisiwe mnafiki, dereva wa lori analipwa, mkaguzi wa mahesabu analipwa, na shirika linalosema halitumii hata shilingi kwenye uendeshaji mimi linanitia mashaka kuliko linalosema wazi. Cha kuuliza ni mambo mawili tu: je nikitoa kwa ajili ya Hanang inaenda Hanang au inaingia mfuko wa dharura wa jumla? Na je mnatoa taarifa kwa watoaji wadogo au mnaripoti kwa wafadhili wakubwa wa nje peke yao? Hili la pili ndo udhaifu wao kwa kweli. Usharika ukikusanya, matangazo ya Jumapili inayofuata utasikia zimepatikana kiasi gani. Shirika ukilitumia elfu ishirini yako unaweza usisikie tena chochote.

Na hapa nataka nikae kidogo na Paulo mana watu wanamnukuu kwenye kutoa kwa moyo wa ukunjufu, 2 Wakorintho 9, ukigeuza nyuma ukurasa mmoja kuna kitu hakihubiriwi sana. Sura ya 8 Paulo anapeleka mchango wa makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu, na anaeleza kwamba anamtuma Tito, alafu pamoja na Tito kuna ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa. Angalia hapo, hakuchaguliwa na Paulo, makanisa yaliyotoa hela ndo yaliyomchagua mtu wa kusafiri na mchango. Na sababu anaisema waziwazi, mtu asije akawalaumu kwa habari ya ile karama, wanafikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele ya wanadamu. Mtume Paulo, na hakusema "niaminini mimi ni mtumishi wa Mungu". Kwaiyo mtu akiuliza risiti kanisani asionekane hana imani, amesimama upande wa Paulo. Kwa mtazamo wangu njia yoyote ya kutoa ambayo anaekusanya, anaetunza na anaegawa ni mtu huyohuyo mmoja, hata awe na upako wa namna gani, iweke mwisho wa orodha yako.

Msalaba Mwekundu na kamati ya maafa ya serikali

Hawa niwaseme kwa pamoja japo sio kitu kimoja. Kwanza Msalaba Mwekundu sio shirika la dini, wako Wakristo wanaodhani ni la kikristo kwa sababu ya ule msalaba, na wako Waislamu wanaoliogopa kwa sababu hiyohiyo. Alama ile ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Wanahudumia yeyote. Faida yao kubwa ni kuwahi, wana watu wa kujitolea mikoani waliofunzwa huduma ya kwanza, kuopoa watu na kuunganisha familia zilizopoteana, na hiyo kazi ya kutafuta nani wa nani hakuna kanisa linaloiweza kama wao. Kama maafa yametokea leo na unataka hela yako ianze kazi ndani ya siku mbili tatu, mimi ntakwambia nenda huko bila kusita.

Kamati za maafa zipo kisheria, Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeziweka kuanzia taifa mpaka kijijini. Nguvu yake ni kwamba hakuna mwingine mwenye greda, jeshi, hospitali ya rufaa na ardhi ya kugawa. Nyumba 109 walizokabidhiwa waathirika wa Hanang Desemba 2024, mwaka mmoja baada ya tukio, hakuna usharika ungeweza kuzisimamisha peke yake, pale serikali ilitoa eneo ikajenga na nyingine zikajengwa kupitia Msalaba Mwekundu. Kwenye jambo kubwa kama makazi mapya, mchango mkubwa wa kampuni au wa dayosisi nzima unafaa kupita huko.

Lakini kwa elfu kumi yako? Hapo sina uhakika ni njia yako ya kwanza. Kagera tetemeko lilitokea tarehe 10 Septemba 2016, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, nchi nzima ikachanga, na kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli akawaondoa viongozi wawili wa juu wa pale kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Jambo lile liliumiza watu sana, wengi waliokuwa wametoa walianza kujiuliza zao ziliingia ipi. Funzo lake halikuwa kwamba serikali isipewe, funzo ni kwamba jina la akaunti lisome herufi kwa herufi, na namba uichukue kwenye tangazo rasmi lenyewe. Skrinshoti ya kwenye grupu hapana.

Kumtumia mtu moja kwa moja

Hii ndo njia inayopendwa na vijana, na waliopo nje pia, unampata mtu wa huko unamrushia kwa simu, dakika moja imefika. Hakuna njia inayoishinda kwa kasi. Na ina heshima yake, kwa sababu aliyepatwa anaamua mwenyewe, mwingine anahitaji nauli ya kumfuata mtoto hospitali Babati, mwingine anahitaji mkaa, mwingine sanda. Hakuna kamati itakayowaza sanda ya mtu mmoja.

Shida yake ni kwamba inafuata undugu na kujuana. Anaepata ni mwenye ndugu mjini, mwenye simu iliyopona kwenye tope, mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Kalehe, Kivu Kusini, mwezi wa tano 2023, maji na matope yaliangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi siku ya Alhamisi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Waliokufa ni zaidi ya 400. Wakongo walioko Nairobi, Kampala, Ulaya na Marekani walituma kwa ndugu zao na walifanya vizuri, ila kulikuwa na familia zilizoisha karibu zote na kubaki mtoto mmoja. Mtoto yule hana namba ya kutumiwa. Kwa mtu kama huyo lazima kuwe na kanisa au shirika, hakuna namna nyingine.

Kwaiyo kumtumia mtu ni sawa kabisa kama unamfahamu wewe mwenyewe, au anafahamika na mtu unaemfahamu kwa sura. Kama namba umeiona kwenye posti yenye picha ya mtoto analia, simama kwanza. Jina linatokea kwenye skrini kabla hujathibitisha, lisome. Kama wanasema ni ya kanisa na jina linalotokea ni la mtu binafsi, usitume mpaka umepiga simu parokiani au ofisi ya usharika. Kanisa lenye utaratibu lina lipa namba inayotaja jina la kanisa.

Inategemea maafa yametokea wapi

Hili sijaona likisemwa sana. Hanang kuna makanisa kila kona, Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste, kwaiyo kupitisha kanisani ina maana, mtandao upo mpaka kitongojini. Sasa chukua Aprili 2024, mafuriko ya Rufiji na Kibiti. Mwezi ule Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zile za El Niño zimeshaua watu 155 nchini. Rufiji, sehemu kama Muhoro, wakazi wengi ni Waislamu, kanisa lipo moja moja na liko mbali na nyumba zilizozama. Ukikusanya kanisani Moshi ukataka igawiwe kwa njia ya kanisa kule Rufiji, itawafikia waumini wachache na majirani zao, basi, tena inaweza kuonekana ni hila ya kuwavuta watu dini. Pale anaejua nyumba kwa nyumba ni imamu na mwenyekiti wa kitongoji.

Mimi nasema wazi, Mkristo akitoa pale apitishe Msalaba Mwekundu, au shirika la kanisa linalofanya kazi na kamati ya kijiji, na hata kupitia kamati ya msikiti kama unawafahamu ni halali na ni vizuri. Najua wapo watakaokwazika. Ila Yesu alipoulizwa jirani yangu ni nani hakumtoa mfano mtu wa sinagogi lake, alimtoa Msamaria. Na ukiona kanisa linagawa chakula baada ya mafuriko kwa sharti la kuhudhuria ibada kwanza, hiyo hela yako itoe huko uipeleke kwingine, na uwaambie kwa nini umeitoa.

Vitu au hela

Hapa sina maneno mengi, hela inashinda karibu kila mara. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 kule Tamil Nadu, India, marundo ya nguo za msaada yaliachwa barabarani, watu waliopewa hawakuweza hata kuzivaa. Fuso la mitumba kutoka Dar mpaka Katesh linakula mafuta na dereva, na likifika linahitaji ghala, watu wa kuchambua, na wiki nzima ya kutoa suruali zilizochanika na viatu vya mguu mmoja. Hela ileile ingenunua unga na maharage Babati, na mfanyabiashara wa Babati ambaye naye barabara imemkatia wateja angeuza. Unga ukinunuliwa karibu unafika kesho yake.

Ila vitu vina nafasi yake na nisivibeze. Chini ya mlima Hanang baridi ni kali, ule mlima unapita mita 3,400, na mtu aliyetolewa kwenye tope analala kwenye sakafu ya darasa. Blanketi jipya pale ni uhai. Sufuria pia, na ndoo zenye mfuniko, pedi za wasichana ambazo kamati zenye wanaume watupu husahau kila siku. Kanuni ninayoweza kukupa ni hii, usipeleke kitu ambacho mtu wa kule hajakiomba, na usipeleke kitu ambacho wewe mwenyewe usingempa mgeni wako. Kama mnataka kuchanga vitu kama kwaya au idara ya akina mama, mpigieni kwanza paroko wa pale au mchungaji wa usharika wa pale awape orodha, alafu mnunue vya aina moja kwa wingi. Blanketi mia moja zinagawiwa kwa nusu saa. Magunia ya mchanganyiko yanakaa ofisini kwa mchungaji mpaka panya wanazaliana humo.

Na picha. Tafadhali, ile ya mama amepangwa mstari anapokea kilo tano za unga na viongozi sita wameshika mfuko mmoja, tuiache. Mathayo 6 inasema usipige panda mbele yako. Uthibitisho kwa watoaji ni muhimu na nimeshasema hapo juu, lakini piga picha mzigo, piga picha risiti, piga picha lori na hati ya makabidhiano yenye mihuri. Uso wa mtu aliyezika watoto wiki hiyo hauhitajiki kwenye ripoti.

Utoe saivi au baadae

Kama kuna kitu kimoja ningependa mtu aondoke nacho kwenye haya yote ni hiki. Wiki ya kwanza hela inamiminika, kila kituo cha redio kinachangisha, wasanii wanakwenda, mpaka vitu vingine vinazidi. Mwezi wa pili kimya. Na mwezi wa pili ndo mzigo halisi unaanza.

Hanang ilikuwa Desemba. Fikiria kalenda ya mzazi wa kule. Krismasi imepita watu wakiwa kambini na kwa ndugu. Januari shule zinafunguliwa, watoto hawana yunifomu, hawana daftari, aliyechaguliwa fomu wani ana orodha ya mahitaji mkononi na sanduku lilienda na maji. Msimu wa kupanda umewakuta, shamba limejaa mawe na tope gumu, mbegu hakuna, na mfugaji aliyepoteza mifugo hana cha kuuza. Alafu kuna mtu aliyemuona mwanae akienda na tope na kila mvua ikianza kunyesha anatoka mbio nje usiku. Yote haya hayana kamera, na hakuna grupu linalotuma namba.

Kwenye hili kanisa halina mpinzani. Mashirika mengi ya dharura yana bajeti ya miezi kadhaa alafu wanahamia kwenye maafa mengine, sio kwa ubaya, ndo kazi yao ilivyo. Kanisa la pale linabaki, ndo litazika, litabatiza, litakaa na yule mama kwenye jumuiya kila wiki. Kwaiyo kwa hela ya miezi ya baadae mimi naipitisha kanisani, hasa parokia au usharika wenyewe wa pale, kwa kazi iliyotajwa kwa jina, yunifomu, mbegu, bati, karo. Kwa hela ya siku za kwanza naipitisha Msalaba Mwekundu au shirika la kanisa ambalo tayari lina stoo na watu. Ukimwangalia yule Msamaria wa Luka 10 alifanya vyote, alimfunga majeraha palepale, alafu akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili amtunze, alafu akasema akirudi atalipa kitakachozidi. Wengi wetu tunaishia kwenye majeraha, ile ya "nitakaporudi" hatuifanyi.

Na kuna wanaouliza kama mchango wa maafa unaweza kutoka kwenye fungu la kumi. Makanisa yanatofautiana na sitaki kumgombanisha mtu na mchungaji wake. Ninavyoona mimi, ukilipunguza fungu la kumi la usharika wako ili utoe Hanang, umehamisha hela, mzigo umembebesha mwinjilisti wako asiyelipwa mwezi huo. Bora itoke juu ya hapo hata ikiwa ndogo. Antiokia kwenye Matendo 11 waliposikia kwa nabii Agabo kwamba njaa inakuja, kila mtu alitoa kwa kadiri ya alivyojaliwa, wakapeleka kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Na Paulo aliwaambia Wakorintho kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke akiba kwake. Hao watu walikuwa na kitu pembeni kabla mjumbe hajafika. Usharika ukiamua sadaka ya Jumapili moja kila robo mwaka iwe mfuko wa maafa, akaunti yenye watia sahihi watatu na mmoja wao asiwe mtumishi wala mtu wa ukoo wake, siku ya tukio hela haisubiri kikao cha kuchangishana, inatoka kesho yake.

Sasa kwa mtu anaetaka jibu la haraka kulingana na hali yake.

Una elfu kumi na humjui mtu kule: toa kwenye sadaka maalum ya kanisani kwako kama wametangaza na wana desturi ya kusoma mahesabu, kama hawana desturi hiyo tuma kwa lipa namba rasmi ya Msalaba Mwekundu au Caritas au ADRA.

Una ndugu au rafiki kule: mtumie yeye kwanza, ila muulize jirani yake asiye na mtu ni nani, ongeza kidogo kwa ajili ya huyo. Hii inaziba ule upungufu wa Kalehe niliousema.

Uko nje ya nchi, mmechangishana kama ushirika wa Waswahili Wakristo huko mliko, mnazo milioni mbili tatu: msiigawe vipande vipande kwa watu kumi, wala msipeleke yote wiki ya kwanza. Chagueni parokia au usharika mmoja wa pale, watu wawili wa kwenu waongee nao, tumeni sehemu ndogo saivi kwa chakula na kubwa ibaki kwa ajili ya Januari au msimu wa kupanda, na mchague wenyewe mtu asiyekuwa mkusanyaji awe anapokea risiti.

Kwaya au kikundi: hela badala ya nguo, labda kama mmepewa orodha. Na kama mnakwenda wenyewe kuwaona, nendeni mwezi wa tatu au wa nne wakati wageni wameshaisha, mkale chakula chenu mlichobeba msiwape wenyeji kazi ya kuwapikia, na kabla ya kuondoka mkae na mzee wa kanisa wa pale awaonyeshe daftari la nani kapata nini na nani bado, yale majina ya bado ndo mrudi nayo nyumbani mkaanze kuyafanyia kazi.